Mji Uliosuguliwa kwa Majivu

Hakuna kitu chini ya jua hili kinachoweza kunishangaza. Nasema hivi nikiwa kwenye kiti changu mwenyewe, ndani ya studio yangu mwenyewe, na sijalewa. Nimeona gari la Makaburu, limefungwa ng'ombe kumi na sita, likimezwa na tope la barabara kuu ya mji huu mpaka zikabaki pembe. Nimeona treni ya kwanza ikiingia Eldoret, nusu ya watu wakikimbia kuilaki na nusu wakikimbia kuikwepa, wakagongana njiani. Nimeona nzige wakizima jua saa sita ya mchana. Nimeona Kaburu mwenye ndevu mpaka kifuani akilia kama mtoto kwa sababu farasi wake amekufa. Mtu akija leo na habari ya kutisha, mimi humwambia, "Haya, endelea, halafu?"

Shule niliingia kwa mlango nikatokea dirishani. Kusoma nilijifundisha kwa maandishi ya magunia ya unga na mbao za maduka ya Wahindi. Na bado, kutoka Timboroa kwenye baridi ile mpaka kule kwenye mahindi ya Trans Nzoia, bwana harusi akitaka picha ya heshima ananijia mimi. Walimu wenye vyeti wanavua kofia mlangoni pangu. Hayo nimeyapata kwa mikono hii na jicho hili, hakuna aliyenishika mkono.

Lakini leo naandika habari ya vioo kumi na viwili. Naiandika kwa sababu mke wangu haizungumzi, na watu waliobaki wa lokesheni, ule mtaa wetu wa Waafrika, wanaisimulia kama kichekesho. Mimi sikucheka wakati ule, na sasa hivi sicheki.

Ilikuwa kabla ya vita vya Hitler. Mji huu tuliuita Sisibo, kwa sababu wazungu waliuita kwa namba ya shamba, sitini na nne kwa Kiingereza chao, na midomo yetu ikalikata hilo neno ikalifanya letu. Nilikuja kwa miguu kutoka Maragoli nikiwa kijana, nikapata kazi ya kufagia kwa Mgoa mmoja mpiga picha, mtu wa Goa ya Uhindini. Kufagia nilifagia. Lakini jicho halifagii, jicho linaiba. Niliiba kila kitu alichofanya: jinsi ya kusimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, jinsi ya kujifunika kichwa kwa kitambaa cheusi, jinsi ya kupika dawa. Mwishowe alikuwa akikaa kitini na kukohoa, na mimi ndiye niliyepiga.

Kifua kikamshinda. Akafunga mizigo arudi kwao, na siku ya treni aliniita akaniambia, "Kamera hii ukiuza utakula mwezi mmoja. Ukiifanyia kazi utakula mpaka meno yatoke." Akaniachia. Kamera ya mbao nyekundu, yenye mfuko wa ngozi unaokunjuka kama kinanda, na sanduku la vioo. Zamani picha nzuri haikupigwa kwenye filamu. Ilipigwa kwenye kioo, kipande kimoja cha kioo kilichopakwa dawa upande mmoja, na kioo kimoja ni picha moja, basi.

Alipoondoka yeye, sahihi yake nayo iliondoka. Kijana wa leo hajui kipande. Kilikuwa karatasi ndani ya kikebe cha bati, unakivaa shingoni kama kengele ya mbuzi, na kama hakina sahihi ya mwajiri, mji si wako. Askari anakusimamisha, anasoma, anakuonyesha barabara ya kwenda kwenu.

Peke yangu ningecheka. Ningelala kwenye miti ya bulugamu kando ya mto Sosiani, nani angenipata? Lakini mke wangu alikuwa mjamzito. Watoto wawili wa kwanza aliwazaa kwetu Maragoli, na wote wawili tuliwazika kabla ya kuwapa majina. Huyu wa tatu nikamleta mjini, karibu na hospitali. Daktari alimpapasa tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya, mama asipande lori, asisafiri, uchungu ukianza aletwe upesi. Basi shida yangu ilikuwa moja tu, na ilinikaa kooni kama mfupa: tubaki mjini mpaka mtoto azaliwe. Mengine yote yangengoja.

Nikaenda kwa mzungu mkubwa wa baraza la mji. Sikupitia kwa karani wake, niliingia moja kwa moja. Nikamwekea mezani picha ya benki. Ile benki ambayo wazee wanasema ilijengwa pale ilipo kwa sababu sefu lilianguka kutoka kwenye gari na hakuna aliyeweza kuliinua, wakaona bora wajenge nyumba juu yake. Niliipiga asubuhi, jua likija kwa ubavu, kila jiwe linaonekana na kivuli chake. Mzungu akaishika picha, akaisogeza dirishani.

"Nani napiga hii?"

"Ni mimi, bwana."

"Si Mgoa?"

"Mgoa alikuwa akikohoa, bwana."

Akacheka. Akasema wana ukumbi mpya, wanataka picha za mji na za nchi yote inayouzunguka, wageni wakija waone kwamba hapa si porini. "Wewe lete kumi na mbili. Mzuri kama hii. Nyumba na nchi tu. Hapana watu, hapana punda, hapana nguo ya kuanika. Mimi natia sahihi kwa kipande, wewe nakuwa mtu ya picha ya baraza. Kama hapana leta, mwisho ya mwezi wewe nakwenda kwenu."

Nilipiga vile vioo kama mtu anayechimba kisima chenye mtoto ndani. Lokesheni walinicheka. Jirani yetu, mama mmoja mjane aliyeuza pombe ya busaa, alikuwa akinipigia kelele kila nikipita na ile miguu mitatu begani: "Fundi! Leo unaenda kupiga picha ukuta? Umeuambia ucheke?" Watu wake wa busaa wanaangua kicheko. Mmoja anadakia, "Ukuta haumlipi, lakini pia haumkimbii!" Kwao picha isiyo na mtu ni kama kiti kisicho na mkaaji. Niliwaacha. Mimi nilijua nyumba ina uso. Ina saa yake ya kuonekana nzuri, na saa yake ya kuonekana kama marehemu. Ukumbi wa hoteli wenye nguzo unataka jua la saa tatu. Kanisa la Makaburu linataka mawingu nyuma yake, na mawingu hayaji kwenye kioo mpaka uweke kipande cha kioo cha manjano mbele ya jicho la kamera, la sivyo anga inatoka nyeupe kama uji. Mwamba wa Sergoit unaupiga jioni, kutoka mbali, nyasi ziwe na vivuli virefu.

Na kulikuwa na kioo kimoja. Barabara kuu baada ya mvua, maji yamesimama kwenye nyayo za magurudumu, na kila duka lililosimama juu limesimama tena chini, kichwa kwa kichwa, na katikati hakuna mtu, hakuna mbwa, ni mji na kivuli chake tu vinatazamana. Nimepiga picha maelfu tangu siku hiyo. Ile sijaipata tena.

Chumba chetu kilikuwa kimoja. Nilitundika blanketi dirishani mchana, nikaziba nyufa kwa matambara, nikaingiza vioo kwenye dawa ya kutoa picha, halafu kwenye ile dawa ya kuishikilia picha isipotee, inayoitwa haipo. Ndivyo Mgoa alivyoitamka, haipo, na mpaka leo dukani tunachekana nayo. Vyote kumi na viwili vilitoka. Nilivitazama kimoja kimoja kwenye mwanga wa mlango.

Sasa msomaji aelewe kitu kimoja, maana hapo ndipo kisu kilipo. Kwenye kioo mambo yote huwa kinyume, mpaka uyachape kwenye karatasi. Mwanga ni giza na giza ni mwanga. Anga ya asubuhi inakuwa nyeusi tititi kama chungu kilichotoka mekoni. Ukuta mweupe unakuwa mweusi. Asiyejua kusoma kioo anaona kipande cha kioo kilichofuka moshi.

Na kitu cha pili. Sisi mafundi, kazi yote ile tunaita kuosha. Kuosha picha. Mgoa alisema kuosha, Wahindi walisema kuosha, mzungu mwenyewe alisema, "Wewe nakwisha osha?" Na mwisho wa kazi, vioo vinakaa kwenye karai la maji safi, unayabadilisha maji mara kwa mara taratibu, dawa itoke, halafu unavisimamisha vikauke. Hilo nalo ni kuosha.

Nilikuwa nje nimevipanga kwenye karai, ndoo ya pili ya maji kando yangu, askari wa baraza akatokea.

"Bwana anakutaka."

"Mwambie nakuja baada ya kumaliza hapa."

"Amesema sasa hivi. Na mimi sijaja kubembeleza."

Nikamwita mke wangu. Nilikuwa nikimwita Mama, ingawa hatukuwa na mtoto. Mjane wa busaa alikuwa akinikanya, "Usimwite Mama mpaka mtoto alie, unaita msiba." Mimi nilimwita hivyo kwa ukaidi. Akaja, tumbo mbele, amejifunga leso, ametoka kusonga ugali.

"Mama, osha hizi. Nikirudi nizikute zimekauka juani."

"Zote?"

"Zote. Na usivunje hata kimoja."

"Mimi navunja vyombo lini?" akasema, akashika kiuno.

Nikaenda. Mzungu alitaka tu kujua kama ziko tayari. Nikamwambia kesho asubuhi zitakuwa mezani pake. Akafungua mtoto wa meza, akanionyesha wino na muhuri, akasema, "Kipande lete pamoja." Nilitoka pale nimevimba kama andazi. Sikutembea, nilielea. Nilipita mbele ya benki, nikaisalimu benki.

Nilipokaribia nyumbani niliwaona wanawake wa mstari wetu wa nyumba wamekusanyika kwetu, na mjane wa busaa katikati yao amejishika kiuno.

"Baba, umepata mke!" akaniita kutoka mbali. "Njoo uone! Hata mzungu hana vioo vinavyong'aa hivi!"

Vilikuwa juu ya kichanja cha vyombo, vimeegemezwa kwenye sufuria, mstari mmoja, vimetazama jua. Vyote kumi na viwili. Hakuna kilichovunjika. Na ndani ya kila kimoja niliona majani ya kichakani kwetu, ya kijani, safi kabisa. Kuku mwekundu alipita nyuma ya kioo cha tatu, nikamwona unyoya kwa unyoya. Kioo cha tatu kilikuwa benki.

Mke wangu alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha kwa sababu ya tumbo. Kando yake penye mafiga kulikuwa na majivu, maji ya moto, na gunzi la mahindi lililosagika nusu.

Nikamwuliza, "Picha ziko wapi?"

"Picha gani?"

"Picha. Zilizokuwa kwenye vioo."

Akanitazama, akawatazama wanawake, akanitazama tena. "Hapo palikuwa na masizi tu, Baba. Vilikuwa vyeusi, sijui umevipikia nini. Nimesugua tangu ulipoondoka." Akanyoosha vidole vyake nivione, ncha zimechubuka. "Havijatakata?"

Niseme nini hapa? Kwetu, mke anapimwa kwa sufuria yake. Akirudisha chombo cha watu kina masizi nyuma, mawifi watamwimbia wimbo mpaka mlango wa mama yake. Amelelewa hivyo. Alikuwa amekuja mjini kwenye nyumba ambayo haina mama mkwe wa kumsifu, amezika wawili, na mume wake amemkabidhi kazi yake kwa mara ya kwanza. Akaifanya kama anayefanya mtihani. Maji ya moto yalilainisha ile dawa ya kioo, majivu yakaila, gunzi likamaliza.

Nilichuchumaa mbele ya kile kichanja, nikawa nachukua kimoja kimoja, nakigeuza, nakitazama kwa ubavu, kama mtu anayepapasa kifua cha maiti atafute mapigo. Hakuna. Hakuna. Kwenye kile cha barabara baada ya mvua, kwenye pembe ya chini, niliona kitu. Alama nyeusi, ukubwa wa ukucha. Ilikuwa pembe ya duka, na chini yake kivuli chake majini. Sijui nilifikiri nini, kwamba kutoka kwenye ukucha ule mji wote ungeota tena.

"Kuna doa limebaki?" mke wangu akauliza. Na kabla sijafungua mdomo, aliinama na tumbo lake lile, akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua mara moja.

"Limetoka," akasema.

Nilitoa sauti. Wanawake wanasema nilipiga yowe kama ng'ombe, mimi sikumbuki. Nakumbuka walivyotawanyika, na mjane wa busaa peke yake akabaki. Nikaeleza. Kila nilipoeleza, uso wa mke wangu ulikuwa ukiondoka, ukiondoka, mpaka ukabaki wa mtu mwingine. Halafu akasema kwa sauti ndogo, lakini ya hasira:

"Kama ulitaka suuza, si ungesema suuza."

"Picha haisuuzwi! Picha inaoshwa! Dunia nzima inaosha picha!"

"Mimi dunia nzima sijaiona. Mimi nimeambiwa osha."

Mjane akasema, "Nyamazeni nyote wawili. Huyu mtoto mtamtoa kwa makelele." Na hapo ndipo tuliponyamaza, kwa sababu mke wangu alikuwa ameshika ubavu.

Maumivu yalitulia kabla ya jua kutua. Asubuhi nilikwenda kwa mzungu mikono mitupu. Sikumwambia ukweli. Ningemwambia mke wangu amesugua mji wake kwa gunzi? Nilisema dawa ilikuwa mbaya. Akanipa mpaka Jumatatu, na baada ya Jumatatu asinione.

Nikakimbia kwa Mhindi mwenye duka la dawa, yeye peke yake aliyeuza vioo vya kupigia.

"Kioo hapana iko," akasema. "Labda treni ya wiki nyingine."

"Hata sanduku moja dogo, seti," nikamwita kwa jina la heshima la matajiri wao.

"Fundi, kama iko, mimi nakula kioo? Nauza. Hapana iko."

Nikarudi kulipekua sanduku la Mgoa. Chini kabisa nikapata vioo vya zamani, alivyovitupa humo kwa sababu paa lilikuwa limevivujia. Nilijua vimekufa. Mtu anayezama hachagui jani la kushika.

Na mvua za masika zikaanza hapo hapo, kana kwamba zilikuwa zikinivizia. Uasin Gishu ikiamua kufunga anga, inafunga. Saa tatu ya asubuhi ilikuwa kama jioni. Nyumba zote zilikuwa na sura ya marehemu, hakuna kivuli, hakuna jiwe lililosimama mbele ya jiwe. Nilisimama mbele ya hoteli nikiomba jua lipasuke hata kidogo, kama mtu anayeomba maji. Kwenye mawingu yale niliona kila kitu isipokuwa mwanga. Nilipanda juu ya paa la kinu cha posho nipate mji kwa juu, mwenye kinu akipiga kelele chini, "Shuka, mwendawazimu, bati langu!" na mvua ya mawe ikanikuta juu huko. Niliifunika kamera kwa mwili wangu. Mawe yalinipiga mgongo na kisogo, na mimi nimeikumbatia ile mbao nyekundu nikiiambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Ilipoisha, mji wote chini yangu ulikuwa mweupe kwa barafu, paa zote, barabara yote, mji mzuri kuliko nilivyowahi kuuona. Nikapiga. Nilikuwa nalia na nikapiga.

Safari hii niliosha mwenyewe. Mke wangu alikaa nyuma ya nyumba, hakutaka hata kuliona karai.

Vioo vilitoka na madoa. Kila kimoja, tangu juu mpaka chini, madoa ya mviringo, na hata ule mji mweupe wa barafu, ndani yake ulikuwa umeoza. Nikavichapa hivyo hivyo kwenye karatasi, nikazipeleka picha Jumatatu. Mzungu alitazama picha ya kwanza, ya pili, akaweka zote chini.

"Mji yangu nashikwa na ndui?" akauliza.

Karani wake akacheka. Mimi nikaanza kueleza habari ya mtoto, jinsi alivyokaa vibaya, habari ya lori. Nilieleza nikiwa nimeshika ukingo wa meza yake. Yeye alikuwa akifuta vidole kwa leso, maana dawa ya picha ilikuwa haijakauka vizuri. "Mimi hapana daktari," akasema. "Mwisho ya mwezi."

Mtu mwingine angekubali hapo. Mimi si mtu mwingine. Nilizunguka kila duka na kila ofisi ya mji, nikibisha kama mwombaji. Nilijitoa kufagia, kuchota maji, kulinda geti. Mimi, ambaye hakuna mpiga picha wa rangi yoyote aliyenifikia. Waliniambia mtu yuko, nafasi imejaa, rudi baada ya mavuno. Nyumbani mke wangu alikuwa akifunga vitu kwenye shuka, kidogo kidogo, halafu anavifungua, halafu anavifunga.

Mjane wa busaa ndiye aliyenitajia yule Kaburu mwenye shamba ng'ambo ya Sosiani. "Sahihi yake inauzwa," akasema. "Kila mtu anajua. Ila usiende umevaa hilo koti, atakupandishia bei."

Nilikwenda bila koti. Nilimkuta zizini ameinama chini ya ng'ombe mgonjwa. Hakuinuka.

"Hapana kazi," akasema.

"Sitaki kazi, bwana. Nataka sahihi."

Hapo akainuka. Akanizunguka, akaniangalia viatu. "Kwa nini?"

Nilipaswa kusema uongo. Nimewafundisha wanangu: ukinunua kitu usionyeshe njaa. Lakini nilikuwa sijalala vizuri tangu kile kichanja, na maneno yakatoka yenyewe, mke, mtoto, hospitali. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari njema. Akataja bei. Nilifikiri amekosea Kiswahili. Akairudia kwa vidole. Ilikuwa karibu mshahara wa mwaka mzima wa mtu wake wa kukamua.

Hivyo nikaibeba kamera mpaka kwa yule Mhindi wa dawa. Alikuwa akiitamani tangu siku za Mgoa. Aliikunjua, akaikunja, akapuliza vumbi kwenye mbao.

"Imepigwa na mawe ya mvua," akasema. "Ona hapa."

"Mawe yamenipiga mimi, seti. Yeye nilimlalia juu."

"Hata kama. Na miguu yake moja imelegea."

"Seti, hiki si kiazi. Tazama kioo chake. Tazama hilo jicho!"

"Jicho mzuri," akakubali, na akataja nusu ya nilichohitaji. Tulivutana mpaka mke wake akatoka nyuma ya pazia kuona nani anagombana. Nilimwachia na miguu, na kitambaa cheusi, na kile kipande cha manjano cha kuleta mawingu. Bado haikutosha. Nikaongeza koti langu la harusi, na saa ya mfukoni, na mjane wa busaa akanipa kilichobaki kutoka kwenye kopo lake bila kukihesabu, akaniambia, "Ukinishukuru nitakitaka leo." Nilimrudishia, tena kwa nyongeza, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kaburu alitia sahihi, karatasi ameiegemeza kwenye tairi la gari lake, kwa kalamu ya risasi, amebana kiko mdomoni. Siku hiyo hiyo, jioni, mwanga ukiwa bado upo, uchungu ulimshika mke wangu. Tulimpakia kwenye mkokoteni wa kubebea mahindi, mimi mbele na mjane nyuma akisukuma na kutukana mashimo yote ya barabara. Askari alitusimamisha penye kona ya hoteli.

"Kipande!"

Nikamtolea. Alikisoma kwa muda mrefu sana, mke wangu akiuma leso nyuma yangu. Akageuza karatasi, akaitazama ile sahihi, akanitazama mimi, akairudisha kwenye kikebe. "Pita," akasema.

Daktari alitumia vyuma kumvuta mtoto. Tulikaa nje kwenye ubao na mjane mpaka tukasikia sauti, nyembamba kama ya paka, halafu ikajaa. Msichana. Mjane akanipiga bega kwa ngumi. "Sasa mwite Mama," akasema.

Nilikaa muda mrefu bila kamera, nikibeba magunia stesheni, na jinsi nilivyopanda tena mpaka nikafika kwenye kiti hiki ni jambo ambalo wengi wangependa kulijua. Mji ule wa vioo kumi na viwili haupo. Hoteli imejengwa upya, nguzo zimetoka, barabara imetiwa lami na haishiki maji tena. Msichana yupo, ameolewa, anaosha vyombo vyake anavyotaka. Watu wakinicheka kwa ajili ya lile gunzi, wanadhani nilipoteza picha tu. Sahihi ile ya Kaburu, herufi mbili zilizopinda kama mkia wa nguruwe, kwa penseli, ilinigharimu shilingi tisini na saba na senti hamsini.